Hesabu ya Debe

Ndahani alirudi likizo na mfuko wa sumaku,
koili alizozing'oa kwenye spika zilizokufa,
na neno moja jipya: mtetemo.
Shangazi, akasema, mashine yako inatetemeka bure.

Bure?
Nikamwonyesha risiti za luku
nilizozitunga kwenye msumari kama mishikaki.
Hapa Kibaigwa hata kivuli cha gunia kina ushuru.

Lakini nilimwacha.
Akafunga kidude chake chini ya rafu,
kwa waya na vipande vya ndala.
Mama Nyemo akamimina debe lake la mahindi,
nikawasha,
na taa ndogo, kama punje ya mtama,
ikafumbua jicho.

Tukapiga vigelegele. Sikatai, nami nilipiga.

Usiku akachora duara daftarini:
mashine itikise kidude,
kidude kizae umeme,
umeme uzungushe mashine,
mashine itikise kidude,
duara lisilo na mlango wa luku kuingilia.
Tutasaga hadi Kongwa nzima ishibe, akasema,
na Tanesko waje kutupigia hodi, wakitaka kukopa.

Mimi fizikia sikusoma.
Nimesoma debe, miaka kumi na tisa.
Kila mteja hudhani nimemwibia:
mbona unga haukufika hapa?
Nami humwekea mizanini unga, kisha pumba,
kisha namwonyesha kope zangu nyeupe,
buibui wa darini waliovaa kanzu,
na kuku wa jirani anavyonenepa.
Jumlisha, namwambia. Debe lako liko hapa lote.
Hakuna punje iliyopotea,
wala hakuna iliyozaliwa humu ndani.

Basi nikamwambia Ndahani: tia mkono.
Unga ulikuwa unashuka,
una joto la mtoto aliyeamka sasa hivi.
Nani amelipia joto hili?
Akanyamaza, mkono kauacha humo humo.
Na ngurumo hii inayosikika hadi stendi?
Na mkanda huu unaonuka kuungua?
Na kopo la misumari pale juu…

Kopo.
Miaka yote lilikuwa likitembea kwenye rafu,
kila gunia hatua mbili tatu,
jioni naliokota sakafuni.
Siku hiyo tulilitazama wote wawili.
Lilisimama kama askari wa lango.
Taa ilikuwa imekula miguu yake.

Hata hivyo alijaribu. Ujana hauamini mizani ya mwingine.
Akaunga waya zake, akazima swichi kuu.
Mkanda ukasema wa… wa… wa…
taa ikafumba polepole
kama kuku anayesinzia.
Akahesabu sekunde kwa sauti. Hazikufika tano.

Siku tatu hakugusa daftari.

Ya nne, usiku wa manane, akanigongea dirisha:
Shangazi, inajiwasha! Yenyewe!
Nikatoka na khanga moja.
Mashine imelala, baridi, swichi iko chini,
na pale chini ya rafu, kweli,
jicho linafumbua, linafumba, linafumbua.
Moyo ulinienda mbio. Nusura niite majirani.

Kisha nyayo zangu zikasikia kabla ya masikio.
Lori. Tela mbili za mahindi,
linapanda barabara kuu, linakoroma,
na sakafu, na ukuta, na rafu,
vyote vinapokezana kile kishindo
mkono kwa mkono hadi kwenye kidude.

Kuna mtu amenunua dizeli, nikasema.

Ndahani akafungua mlango, akachungulia.
Taa nyekundu za nyuma zilikuwa zimekwisha mezwa
na njia ya Pandambili.
Dereva hajui, akasema.
Je, tumemwibia?

Sikuwa na jibu. Hata leo sina.

Ndahani amerudi shule. Ile taa ameihamisha,
inamulika mshale wa mizani ninaposaga,
na wateja wanausoma wenyewe, wanabishana kidogo zaidi.
Kopo limetulia juu ya rafu.
Misumari imeanza kupata kutu.